Buku Anamfuata Mama Yake

Niseme ujinga wenyewe kwanza, mcheke, tumalize: nikiwa na miaka minane nilijificha katikati ya magunia ya maharage kwenye lori, nikatoka Kibondo kwenda Kasulu bila kumuaga binadamu yeyote, kwa sababu mnyama mmoja wa kwenye katuni alikuwa amefanya hivyo hivyo na akafanikiwa. Sikupotea. Sikuibwa. Nilikuwa na mpango. Mpaka leo kuna watu wazima pale mjini wakinikuta njiani wananiuliza kama maharage yalifika salama, na mimi huwajibu kwamba yalifika yote, ila gunia moja lilikuwa linakojoa.

Kilichonirudisha huko ni jenereta. Muhula uliopita, hapa shuleni Kasulu ninakosoma kidato cha tatu, umeme ulikatika Jumamosi ya burudani, tukiwa tumeshajazana bwaloni kusubiri filamu. Mwalimu wa zamu akaitoa ile jenereta ndogo ya shule. Ikakohoa, ikatema moshi, ikakohoa tena, halafu ikashika. Harufu ya petroli ikaingia bwaloni ikakutana na harufu ya ukoko wa ugali. Wenzangu wakaziba pua. Mimi nikavuta pumzi kama mtu aliyefunuliwa sufuria la pilau. Kwa pua yangu mimi, hiyo si harufu ya petroli hata kidogo. Ni harufu ya banda la video la Kaka Shabani, mwaka 2013, wiki ambayo mama yangu hakuwepo nyumbani.

Banda lenyewe msilifikirie sana. Matofali ya udongo, bati lililotobokatoboka likaachia vijua vidogo kama nyota za mchana, mbao juu ya mawe ndiyo mabenchi, na blanketi la kijivu mlangoni kuzuia mwanga na watoto wasiolipa. Ndani kulikuwa na joto la miili, vumbi jekundu, na karanga za kuchemsha zilizokanyagwa. Televisheni ilikuwa ndogo kuliko kichwa cha Kaka Shabani mwenyewe, lakini hatukujali, kwa sababu filamu haikuwa kwenye televisheni. Filamu ilikuwa mdomoni kwake.

Wa mjini hamwezi kulijua hili. Sisi nyumbani tunaongea Kiha, Kiswahili tunakutana nacho shuleni kikiwa kimeshika fimbo, na Kiingereza tulikuwa tunakisikia kama mvua ya kijiji cha pili. Sasa Kaka Shabani, ambaye alikuwa mpwa wa Mzee Athumani mwenye duka na alikulia Tanga, alikaa pembeni ya televisheni na kipaza sauti ambacho sponji yake ililiwa na panya, akapunguza sauti ya filamu, akatutafsiria yote, mstari kwa mstari, watu wazima kwa watoto, mpaka mbwa wakibweka alitafsiri. Na alitafsiri kwa namna yake. Kila mto ulikuwa Malagarasi. Kila mji mkubwa ulikuwa Kigoma. Jambazi mkuu, filamu yoyote ile, aliitwa Maneno, ambalo ndilo jina la jamaa aliyemchukulia mchumba.

Katuni tulizozipenda kuliko zote ni za Buku. Jina lake halisi ni refu na la kizungu, hatukulihitaji. Tulimwita Buku kwa sababu alifanana na panya buku, ingawa mtoto wa mwalimu mmoja alibisha kwamba yule ni fisi maji, tukamtoa kwenye benchi letu akabishie nyuma. Alikuwa mdogo, ana kitambaa chekundu shingoni, hatulii, kila mara anaingia matatizoni na kila mara anatoka. Filamu zake zilikuwa nyingi, na hata sasa bado wanazitoa. Mimi nimeota ndevu tatu, Buku bado mtoto.

Sasa mama. Alianza na homa, ikapanda, tumbo likamvimba. Alilazwa kwanza pale pale Kibondo, halafu nikasikia watu wazima wananong'ona neno rufaa. Nilimwona analazwa kwenye godoro nyuma ya pikapu ya Mzee Athumani, baba amekaa pembeni yake amemshika kichwa kisigongegonge. Alikuwa amefunikwa mpaka kidevuni na macho yake yalikuwa yananipita, yanaangalia kitu nyuma yangu. Nikageuka kuangalia ni nini. Hakukuwa na kitu.

Jioni hiyo Shangazi Skola, dada yake baba, akaja kukaa na mimi, akaniambia kwa sauti nyororo kwamba mama ameenda Kasulu kusalimia ndugu. Shangazi Skola, naomba mnielewe, hana sauti nyororo. Ana sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Siku zilizofuata wanawake wa jumuiya walikuwa wanakuja mchana kusali rozari, nikiingia wanakaa kimya na kuniangalia kama mtu anayeangalia nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Halafu akachinjwa kuku na paja nikapewa mimi. Nyumbani kwetu paja lilikuwa la baba tangu nilipozaliwa. Nililitafuna polepole, kwa sababu nilijua kabisa kwamba mtoto hapewi paja hivi hivi. Mama yangu alikuwa anakufa au ameshakufa, na mimi nilikuwa nalipwa kuku.

Hakuna niliyemuuliza. Ningemuulizaje mtu ambaye jibu lake litakuwa lile lile la kusalimia ndugu?

Jumamosi shangazi akanisukuma niende banda la video, jambo ambalo nalo halikuwa la kawaida, maana siku zote alisema mule ndani wanafundisha wizi. Kaka Shabani aliponiona mlangoni hakunidai kiingilio. Alinishika bega akaniketisha benchi la mbele kabisa, karibu na goti lake. Pikapu ilikuwa ya mjomba wake. Bila shaka alijua hali ya mama kuliko mimi. Lakini hayo nayasema sasa. Siku ile nilidhani tu kwamba ananipenda.

Ilikuwa Buku mpya. Buku na mama yake wanasafiri kwa merikebu kwenda nchi nyeupe kabisa, nyeupe ardhi, nyeupe milima, nyeupe maji. Mtoto mmoja akauliza vile vyeupe ni nini, na Kaka Shabani bila kusita akasema ni chumvi, wako Uvinza. Tukaridhika wote. Uvinza kuna chumvi, hilo linajulikana. Tukaangalia Buku anateleza kwenye chumvi, anarusha chumvi, anapiga chafya ya chumvi, tukacheka mpaka benchi likaanguka.

Kisha merikebu ikagonga mlima wa chumvi. Maji yakaingia. Mama yake Buku akamtupa mtoto juu ya kipande cha ubao, yeye akabaki ndani ya maji, anasukuma ubao kwa pua, anasukuma, halafu ile nyeupe ikajifunga juu yake. Ikatulia. Na kwa mara ya kwanza tangu lile banda lijengwe, Kaka Shabani akanyamaza.

Nakumbuka kile kimya vizuri. Jenereta ilikuwa inanguruma nje, mtoto fulani anatafuna karanga, na mimi mikono yangu nimeibana katikati ya magoti. Kaka Shabani aliniangalia. Halafu akasogeza kipaza sauti mdomoni.

"Mama yake Buku ameumia," akasema. "Wamempeleka hospitali ya Uvinza. Iko hapo hapo chini ya chumvi."

Sauti kutoka nyuma, nadhani ni ya yule mtoto wa mwalimu, ikauliza mbona hospitali haionekani.

"Wewe umeshawahi kuingia wodi ya wanawake? Basi tulia."

Tukatulia. Na kuanzia hapo filamu ikawa safari ya Buku kumfuata mama yake. Akajificha kwenye tumbo la merikebu nyingine, katikati ya mapipa. Akapigwa na mawimbi, akafukuzwa na Maneno na genge lake, akalala njaa, na kila alipokata tamaa Kaka Shabani alitukumbusha kwamba mama anatibiwa, mama amekunywa uji, mama ameuliza mwanangu yuko wapi. Mwishoni kabisa Buku akafika kwenye kijumba chenye taa, mlango ukafunguka, akatoka mnyama mkubwa mwenye manyoya meupe, akamkumbatia. Banda zima likashangilia. Kulikuwa na mbishi mmoja tu, aliyesema mama yake Buku alikuwa wa kahawia.

"Na wewe ukilazwa miezi hiyo yote rangi itabaki?" akajibiwa. "Amepauka. Lakini ndiye."

Mimi sikushangilia. Nilikuwa nimeshaanza kupanga. Kibondo haina merikebu lakini ina malori.

Jumatatu asubuhi nilivaa sare, nikamuaga shangazi kama mtoto mwema, nikapita nyuma ya ghala ambako lori lilikuwa linamaliza kupakiwa maharage ya kwenda Kasulu. Nilisubiri utingo aende kunywa chai, nikapanda, nikajisokomeza katikati ya magunia chini ya turubai. Kosa langu la kwanza lilikuwa kutokujua maharage ya kwetu yanatunzwaje. Wakulima huyachanganya na majivu ili yasibunguliwe, na gunia likitikiswa majivu yanatoka kama pumzi. Barabara ya Kasulu miaka ile haikuwa na lami hata ya kuonja. Kila shimo, magunia yalipumua, na mimi nikayapumua magunia. Kosa la pili mnalijua tayari, linahusu kibofu.

Tulipofika Makere nilikuwa nimeshapiga chafya kiasi cha kuwafanya wadhani maharage yana mafua. Lori likasimama. Turubai likafunuliwa, utingo akaniona, akaruka nyuma akaita jina la Bikira Maria. Simlaumu. Nilikuwa mweupe kuanzia nywele hadi kandambili, ni macho tu ndiyo yaliyokuwa mekundu.

Dereva akaja. Mzee mnene wa Kimanyema, kibaraghashia kimeinama upande mmoja. Aliniambia nishuke, mimi gunia la bure, akaniuliza ninatoroka nini, nimeiba nini, mtoto wa nani. Nikamwambia simtoroki mtu, namfuata mama hospitali. Akauliza mama anaumwa nini. Nikasema tumbo, alichukuliwa na pikapu, na nyumbani wanasali mchana.

Hakunipiga. Akatazama barabara tuliyotoka, akatazama tunakokwenda, akamwambia utingo apande juu, mimi nikawekwa mbele kwenye kiti. Nikapewa ndizi ya kuchoma. Tukaenda muda mrefu, milima inapanda na kushuka, upepo wa baridi unaingia dirishani unapeperusha majivu yangu kwenye dashibodi yake.

"Sasa mwanangu," akasema hatimaye, "tukimkuta mama amelala, utafanya nini?"

"Nitamwamsha."

Akazima redio. Mimi nikadhani hapendi wimbo.

Hospitali ilikuwa ya misheni, nje kidogo ya mji, ina nyasi na kamba ndefu za nguo. Na kitu cha kwanza nilichokiona ni baba amechuchumaa kwenye karai, anafua khanga ya mama. Sijawahi kumwona baba akifua hata soksi zake. Nilisimama pale na dereva amenishika mkono, na nilishindwa kusogea, kwa sababu nilikuwa najaribu kuamua kama mwanaume hufua khanga ya mke aliye hai au ya mke aliyekufa. Niliwaza hilo kwa bidii kuliko hesabu yoyote niliyowahi kupewa.

Baba akainua kichwa. Aliangalia sanamu la majivu lenye sare ya shule, akasimama na khanga inachuruzika maji kwenye viatu vyake. Nilisubiri kipigo. Alimwangalia dereva, dereva akasema kitu kwa sauti ya chini, na baba akakaa tena chini, safari hii kwenye nyasi kabisa, miguu imenyooka kama mtoto. Baadaye nilijua kwamba Shangazi Skola alikuwa ameshampigia simu akilia kwamba nimepotea, na kwa saa kadhaa baba alikuwa na mgonjwa ambaye hakujua kama atapona na mtoto ambaye hakujua aliko, na kwa kukosa la kufanya akaamua kufua.

Sista mmoja alinikataza nisiingie wodini na uchafu ule. Baba hakubishana, alisema tu kwamba huyu ametoka Kibondo ndani ya gunia, na yule sista akageuka akaangalia dirishani mpaka tukapita.

Mama alikuwa amekonda na kupauka mpaka nikamkumbuka yule mnyama mweupe wa mwishoni, nikamwelewa Kaka Shabani. Mrija puani, mrija mkononi, midomo imepasuka. Homa ya matumbo ilikuwa imemtoboa utumbo, wakampasua, wakashona, na siku ile ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote. Hayo nilikuja kuambiwa baadaye sana. Nilisimama pembeni ya kitanda nikamwita. Hakuitika. Nikamwita tena kwa sauti ya kuita ng'ombe, kama Shangazi Skola, wagonjwa wote wakaamka.

Akafungua macho. Safari hii hayakunipita. Yaliniangalia mimi, kwa muda mrefu, kuanzia juu mpaka kwenye kandambili, halafu mkono usio na mrija ukanyanyuka polepole, nikadhani anataka kunishika shavu. Akashika sikio. Akalibana. Akalipinda.

Ndugu zangu, niliumia, na sijawahi kufurahi hivyo tena. Maiti haipindi sikio. Mtu anayekwenda kufa hana habari na masikio ya mtu. Nilisimama pale nalia na kucheka, majivu yanachuruzika na machozi yanakuwa tope, na baba nyuma yangu anapumua kama aliyetua mzigo mlimani. Wiki chache baadaye mama alirudi nyumbani. Paja la kuku likarudi kwa baba.

Sasa turudi bwaloni. Jenereta ikashika, mwalimu akawasha filamu, na aliyeingia kwenye kioo na kitambaa chake chekundu ni Buku. Buku yule yule, merikebu ile ile. Nikapiga kelele kwamba hii naijua, inaitwa Uvinza, wenzangu wakaniangalia kama mgonjwa. Safari hii sauti ilikuwa ya filamu yenyewe na maandishi chini, na Kiingereza changu sasa kinatosha. Kwanza nikagundua kwamba ile si chumvi. Ni barafu. Nikacheka peke yangu. Halafu ikafika kwenye ubao na ile nyeupe inayojifunga, na nikasubiri hospitali.

Hakuna hospitali. Haikuwepo kamwe. Mama yake Buku anakufa, wazi kabisa, mbele ya macho ya watoto wa dunia nzima, na Buku anabaki juu ya ubao mdomo wazi. Hasafiri kumfuata mama. Anasafiri kwa sababu hana pa kwenda. Na yule mweupe mwenye taa ni mama yake mdogo, anasema hivyo kwa maneno mafupi ambayo hata mwanafunzi wa kidato cha kwanza angeyaelewa. Nikalia bwaloni mbele ya kidato cha tatu chote. Nikasingizia moshi. Tangu siku hiyo naitwa Mjane, na jina limeshika.

Likizo nilikwenda mpaka Kakonko, ambako Kaka Shabani sasa anatengeneza simu stendi, nikamuuliza kwa nini alidanganya. Alicheka mpaka bisibisi ikamtoka. Akasema alidanganya filamu zote, Kiingereza alikuwa hajui hata cha kuombea maji, mimi nilifikiri alikuwa anatafsiri nini.

"Lakini kufa kunaonekana bila Kiingereza, dogo," akasema. "Na wewe ulikuwa umekaa hapo chini yangu."

Nikamuuliza, na kama mama asingepona? Akaokota bisibisi. Akasema angehama mji. Alikuwa ameshafikiria Mpanda.

Nimeliwaza sana hilo. Wiki ile Kibondo nzima ilinidanganya kwa ajili ya kunitunza. Rozari ilinidanganya, kuku alinidanganya, sauti nyororo ya shangazi ilinidanganya kuliko vyote, na kila uongo ulinizidishia hofu kwa sababu haukuwa na nafasi yangu ndani yake. Wa Kaka Shabani peke yake ndio ulinipa kitu cha kufanya. Ungeweza kuwa uongo mkatili kuliko wote, yeye anajua hilo na mimi sasa najua. Tulibahatika tu, nami bado nikiwaza hivyo huwa nashusha pumzi kama vile lori limefika jana.

Niliporudi nyumbani nilimhadithia mama yote, yeye anamenya mihogo nyuma ya nyumba. Barafu, mama mdogo, Mpanda. Alicheka hadi akaweka kisu chini. Nikamwambia, kwa hiyo mama, mimi nilikuja Kasulu kwa habari za uongo. Akafuta mikono kwenye khanga, halafu akasema hivi:

"Siku ile mimi nilikuwa nimeshachoka, mwanangu. Asubuhi nilimwambia baba yako akioa tena atafute mtu mpole. Ukaingia wewe, umekuwa kama kitu kilichofukuliwa kwenye majivu ya jikoni, unapiga kelele. Nikakuangalia nikasema, hapana. Huyu siwezi kumwachia mtu."